Nchi gani maisha bomba? Jinsi ubora wa maisha unavyopimwa, na namba za kuziangalia kwa jicho la pili

Wadau, kuna ubishi ambao hauishi vijiweni: nchi gani watu wake wanaishi vizuri zaidi? Mmoja atasema Norway, mwingine atasema Dubai, wa tatu atakuja na orodha aliyotumiwa kwenye simu ikionyesha Bongo ni ya mia na ngapi sijui. Kwa kijana anayefikiria kuuza kiwanja cha urithi ili amlipe wakala wa ajira za nje, huu si ubishi wa kusogeza jioni tu. Basi tuvipitie vipimo vyenyewe: nani anapima, anahesabu nini, na wapi namba inaweza kukuingiza mjini.

Kipimo kinachotajwa kila siku ni pato la taifa kugawa kwa idadi ya watu. Ni rahisi kuelewa, ndiyo maana wanasiasa wanakipenda. Lakini Simon Kuznets, mchumi aliyeandaa hesabu za pato la Marekani mwaka 1934, mwenyewe alilitahadharisha Bunge la nchi ile kwamba ustawi wa taifa huwezi kuukisia kwa pato peke yake. Hakusikilizwa sana.

Tazama kilichotokea mwaka 2014. Nigeria ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, ikaingiza vizuri sekta kama simu na filamu, na uchumi wake ukaonekana mkubwa kwa asilimia 89, ukaipiku Afrika Kusini. Miezi michache baadaye Kenya nayo ikafanya hivyo hivyo, ukapanda kwa asilimia 25 na nchi ikaingia kundi la kipato cha kati. Jamaa wa Kariobangi alilala kwenye nchi maskini akaamka kwenye nchi ya kipato cha kati, na bei ya unga ilikuwa ile ile ya jana! Siyo kwamba walidanganya, hesabu mpya zilikuwa sahihi zaidi kuliko za zamani. Ila maisha ya mtu hayakusogea.

Halafu kuna suala la bei. Dola moja ukiibadilisha Dar inanunua vitu vingi kuliko Oslo. Kunyoa nywele ni kunyoa nywele, mashine ile ile, dakika zile zile, lakini kinyozi wa Oslo anatoza hela ambayo huku ungenyoa ukoo mzima. Ndiyo maana Benki ya Dunia na wenzake hukusanya bei za bidhaa nchi hadi nchi, kisha wanarekebisha pato kufuatana na uwezo wa hela kununua. Kwa Tanzania marekebisho hayo hufanya pato la kila mtu kuwa karibu mara tatu ya lile la dola za kawaida. Kwa hiyo mtu akikutajia pato la nchi fulani, swali la kwanza: hizo ni dola za benki au dola zilizorekebishwa? Watu wanachanganya hizi mbili kila siku, hata magazetini, na ubishi wote unakuwa wa bure.

Kipimo kilicholeta mabadiliko ya kweli kilianza mwaka 1990. Mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, akiwa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP), akishauriwa na Mhindi Amartya Sen ambaye baadaye, mwaka 1998, alipata Nobel ya uchumi, alitoa kipimo cha maendeleo ya binadamu kinachojulikana kwa kifupi kama HDI. Wazo ni hili: usihesabu hela tu, hesabu mtu anaishi miaka mingapi na anasoma miaka mingapi.

Kinavyofanya kazi siyo uchawi. Umri wa kuishi unapimwa kati ya miaka 20 na 85. Elimu ina vipande viwili: miaka ambayo watu wazima wamekwisha soma (ukomo 15) na miaka ambayo mtoto anayeanza shule leo anatarajiwa kusoma (ukomo 18). Kipato ni kile kilichorekebishwa kwa bei, na kikifika dola 75,000 kwa mwaka hakiongezi pointi tena. Zaidi ya hapo, kipato hakihesabiwi moja kwa moja: dola 100 za ziada kwa nchi maskini zinaongeza pointi nyingi kuliko dola 100 hizo hizo kwa nchi tajiri, jambo ambalo hata bibi yako angekubali. Tangu 2010 vipande vitatu vinazidishwa kisha inatafutwa mzizi wa tatu, badala ya kujumlisha na kugawa. Maana yake, nchi yenye mafuta mengi na shule mbovu haiwezi tena kuficha shule zake nyuma ya mafuta kirahisi. Guinea ya Ikweta ndiyo mfano wa siku zote: kipato cha wastani kikubwa, lakini kwenye HDI inashika nafasi ya chini sana kuliko hela yake. Upande wa pili yupo Costa Rica, ambako mtu anatarajiwa kuishi miaka mingi kuliko Mmarekani, na kipato chake hakikaribii hata nusu ya cha Mmarekani.

Ripoti ya mwaka 2025, inayotumia takwimu za 2023, ilipanga nchi 193. Iceland ya kwanza kwa 0.972, Sudan Kusini ya mwisho kwa 0.388. Kenya ilipata 0.628, Tanzania 0.555. Kundi la chini linaishia 0.550, kwa hiyo Tanzania iko kundi la kati kwa nukta chache mno. Na tafadhali, usichukue nafasi ya ripoti ya zamani ukailinganisha na ya leo ukasema tumepanda au tumeshuka, kwa sababu takwimu za nyuma hurekebishwa na idadi ya nchi hubadilika. Angalia pointi ndani ya ripoti moja.

Hapo kwenye umri wa kuishi pana kosa la kawaida. Tanzania sasa ni takriban miaka 67, na kuna anayedhani maana yake watu wanakufa wakifika 67. Hapana. Ni wastani, na vifo vya watoto wachanga vinauvuta chini sana. Kwenye mwaka 2000 ilikuwa miaka 50 na kidogo, Ukimwi ulikuwa umeshapiga. Dawa za kufubaza virusi, chandarua na chanjo ndivyo vilivyoinyanyua ile namba.

Kipimo cha furaha kinapendwa sana mitandaoni, Finland ikiongoza mfululizo kuanzia 2018 hadi 2025. Huko watu hawaulizwi kama wanacheka. Wanaambiwa wafikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa maisha bora unayoweza kuyapata, kisha waseme wamesimama kidato cha ngapi. Basi.

Na zile orodha za miji bora, Vienna mwaka huu, Copenhagen mwaka ule? Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kampuni zinazopeleka wafanyakazi nje, zijue ziwalipe posho kiasi gani kwa usumbufu. Mji unapimwa kwa macho ya meneja mgeni mwenye watoto wa shule ya kulipia, siyo kwa macho ya muuza mitumba wa Karume.

Sasa tuje kwenye wastani, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopigwa. Chukua Qatar. Pato la kila mtu kwa dola za kawaida linapita 60,000 kwa mwaka, na kwenye HDI iko kundi la juu kabisa. Lakini karibu watu tisa kati ya kumi nchini humo ni wageni, na kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika Machi 2021 ni riyal 1,000 kwa mwezi, pamoja na riyal 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri hatoi vitu hivyo mwenyewe. Dola moja ni riyal 3.64. Piga hesabu: kama dola 275 kwa mwezi, dola 3,300 kwa mwaka. Mlinzi wa kutoka Mombasa na mwenye nyumba wa Doha wako kwenye wastani mmoja, ila yule mlinzi anaishi kwenye 3,300 yake, akitoa na ya kutuma nyumbani. UNDP wana HDI nyingine inayokata pointi kwa ajili ya tofauti hizi, lakini haitoki kwa kila nchi kwa sababu takwimu za kuitengeneza hazipo kote.

Kwa hiyo wakala akikufungulia ukurasa wa nchi tajiri, mwombe mkataba. Angalia mshahara wa msingi kwa hela ya kule, nani analipa chumba na chakula, tiketi ya kurudi ni ya nani, na unaruhusiwa kubadilisha mwajiri au la. Qatar ililegeza hilo la mwisho mwaka 2020. Pasipoti nayo, sheria ya kule inamkataza mwajiri kuishikilia.