Jina Imanueli: Lilikotoka na Maana Yake

Tulipokuwa tukichagua nyimbo za jubilei hii, vijana wetu walituuliza swali ambalo hatukuweza kulipita hivihivi. Nabii alisema mtoto ataitwa Imanueli. Malaika akamwambia Yusufu amwite Yesu. Na ukizipitia Injili zote nne, hakuna hata mtu mmoja anayemwita Bwana kwa jina Imanueli: si mama yake, si Petro, si adui zake. Je, unabii ulikosea? Tumeona heri jibu liwe humu kijitabuni, maana jina hilo tunaliimba kila Krismasi.

Jina lenyewe ni la Kiebrania. Immanu ni "pamoja nasi", na El ni "Mungu". El halikuwa neno la Waisraeli peke yao. Majirani zao pia walilitumia, kama sisi Abagusii tunavyosema Nyasae, na Wajaluo na Waluhya wakasema Nyasaye. Ndilo linalosikika mwishoni mwa Danieli, Samweli na Gabrieli. Kuhusu herufi ya kwanza, ambayo imezua ubishi mwingi kuliko inavyostahili: Kiebrania huanza na I, Kigiriki kikaandika E. Kwa hiyo anayeandika Imanueli na anayeandika Emanueli, hakuna aliyekosea.

Jina lilianzia vitani. Karibu mwaka 734 KK, Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli waliungana kuivamia Yerusalemu, wamwondoe mfalme Ahazi na kumweka mtu wao. Ahazi na watu wake walishikwa na hofu kuu. Isaya akamwendea penye mfereji wa maji, akiwa na mwanawe Shear-yashubu, ambaye jina lake lina maana kwamba mabaki watarudi. Akamwambia aombe ishara kwa Mungu. Ahazi akakataa kwa maneno ya kicho, kumbe tegemeo lake lilikuwa kwingine: alichukua fedha na dhahabu ya hekalu akampelekea mfalme wa Ashuru amwokoe. Hapo ndipo Isaya akasema ishara itatolewa tu, mtoto aitwaye Imanueli, na kwamba kabla mtoto huyo hajajua kuchagua mema, nchi za wafalme wale wawili zitakuwa ukiwa. Dameski ilianguka mwaka 732 KK. Lakini Ashuru aliyeitwa kuokoa akaigeukia Yuda yenyewe, na katika sura ya 8 Isaya analitaja jina Imanueli tena, maji ya mto yakiwa yamefika shingoni. Sisi wa bonde la Gucha tunaielewa picha hiyo.

Mgusii pia hashangai mtoto kuwa ishara. Kwetu Makori na Nyanchera ni majina ya waliozaliwa njiani, na Kwamboka ana habari ya kuvuka. Ukilitaja jina, umeanza kusimulia.

Vijana walikuwa wamesoma pia kwamba neno alma la Isaya ni msichana aliyefikia umri wa kuolewa, wala si lazima bikira. Ni kweli, na hatuoni haja ya kulificha. Wayahudi waliokitafsiri kitabu cha Isaya kwa Kigiriki, kabla Yesu hajazaliwa, waliandika parthenos, yaani bikira, na Mathayo akafuata hiyo. Ishara ilikuwa na kazi siku za Ahazi. La sivyo ingemfaa nini mfalme aliyezingirwa? Mathayo aliona maneno yale ni mapana kuliko siku zile.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Yesu ndilo jina la kuitwa, lilelile Yoshua, Bwana huokoa. Kristo, au Masihi, ni cheo: aliyepakwa mafuta. Imanueli linasema ni nani huyo aliyekuja. Mathayo analifasiri papo hapo katika 1:23, na Injili yake inafungwa katika 28:20 kwa Bwana kuahidi kuwa pamoja na wanafunzi wake siku zote. Jina halikutumika kumwita mezani kwa sababu Injili nzima ndiyo inayolitamka.

Machi 2020 makanisa yalipofungwa kwa korona, na mazishi yakawa ya watu 15 tu, tuliliimba jina hili kila mtu nyumbani kwake, alto bila soprano, teno bila besi. Tulielewa basi kwa nini Isaya alilitoa kwa watu waliokuwa wanaogopa.

Wanakwaya watapenda kujua jambo moja zaidi. Handel alipotunga Masihi mwaka 1741, unabii huu wa Imanueli hakuukabidhi kwa kwaya nzima wala kwa soprano. Aliuweka katika sauti moja ya alto. Dada zetu wa alto wamekwisha kutukumbusha hilo mara tatu, na leo, katika wimbo wa nne wa ratiba, wao ndio wataanza.