Sanadi, Mswada na Vinasaba: Elimu Tatu za Kufuata Mapokezi

Mwaka 2014 homa ya dengi iliingia Dar es Salaam kwa kishindo, na Kinondoni ndiyo iliyoumia zaidi. Mwaka 2019 ikarudi jijini, ikapita tena Kinondoni, Ilala na Temeke. Wagonjwa wa miaka yote miwili walilalamikia mambo yaleyale: homa kali, maumivu nyuma ya macho, viungo kuuma hadi kushindwa kutembea. Kwa jirani aliyekuja kujulia hali, ulikuwa ugonjwa mmoja uliorudi. Maabara ilisema vingine. Mwaka 2014 vilisambaa virusi vya dengi aina ya pili. Mwaka 2019 vilikuwa vya aina ya kwanza na ya tatu. Aliyepona aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, lakini akiambukizwa aina nyingine baadaye, uwezekano wa kuugua vibaya huongezeka. Mkazi wa Tandale aliyeugua mara ya kwanza na kudhani yameisha alikuwa na sababu ya kujihadhari zaidi, na hakuna dalili ya mwilini ambayo ingeweza kumwambia hivyo.

Kilichotufikia kimetoka wapi, na kimepitia kwa nani? Watu wa pwani wameliuliza swali hili kwa karne nyingi, na zipo elimu mbili zenye nidhamu kali za kulijibu: elimu ya hadithi na uhakiki wa miswada ya tenzi. Elimu ya tatu, ya kusoma vinasaba vya virusi, imekuja juzi tu. Nikiziweka pamoja sisahau tofauti ya vinavyobebwa: kimoja ni neno tukufu, kingine ni sanaa, kingine ni maradhi. Ninacholinganisha ni uchunguzi. Nasema kwamba zote tatu zina mizani moja, na kwamba mwaka 2020 Tanzania iliteleza katika adabu ya elimu zaidi kuliko katika mashine.

Tuanze na hadithi. Mwanafunzi wa chuoni Mbagala au Magomeni hufundishwa mapema kwamba hadithi ina sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na sanadi, yaani mlolongo wa waliopokezana maneno hayo. Uzuri wa maneno hautoshi. Mwanachuoni huuliza: huyu na yule waliishi zama moja? Walikutana? Kumbukumbu ya mpokezi huyu ilikuwa imara, au ilidhoofika uzeeni? Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alisifika kwa ukali wa masharti haya. Ikazaliwa elimu nzima ya kuwapima wapokezi, kuwataja wenye kasoro na kuwathibitisha waaminifu. Kusengenya ni dhambi, lakini kueleza udhaifu wa mpokezi kulihesabiwa kuwa wajibu, kwa kuwa kulilinda umma usipotoshwe. Kiungo kimoja kikikosekana katika sanadi, hadithi huingizwa kundi la dhaifu, hata kama maneno yake yanapendeza.

Uhakiki wa miswada una njia yake. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, inahifadhi hazina ya miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. J.W.T. Allen, aliyekusanya mingi kati ya hiyo, alichapisha orodha yake mwaka 1970. Tenzi hizi zilisafiri kwa kunakiliwa kwa mkono, na kila mkono uliacha alama yake. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umetufikia katika nakala zisizolingana: huku neno limebadilika, huku mpangilio wa beti umetofautiana. Asiyejua kazi angezitupa nakala zenye makosa. Mhakiki huyatunza makosa kwa uangalifu mkubwa. Chukua nakala mbili zilizoruka ubeti uleule na kuharibu neno lilelile mahali palepale. Wanakili wawili hawawezi kukosea sawasawa namna hiyo kwa bahati; nakala zao zina mama mmoja. Kosa linaloshirikiwa ndilo ushahidi wa ukoo. Huko Ujerumani katika karne ya 19, kanuni hii ilihusishwa na jina la Karl Lachmann, aliyehakiki maandishi ya kale ya Kilatini na Kijerumani.

Sasa twende maabara. Muuguzi anaingiza kijiti cha pamba puani, anakizamisha katika kichupa chenye maji maalumu, anakiweka kwenye kisanduku chenye barafu. Fomu inabeba namba, umri, jinsia, kata na tarehe. Kipimo cha PCR hujibu swali la kwanza tu: kirusi kipo au hakipo. Kusoma vinasaba hujibu la pili: ni cha ukoo gani. Kirusi cha korona kina takriban herufi 30,000 za vinasaba. Kinajinakili ndani ya seli za mtu, na katika kunakili hukosea. Kwa wastani mabadiliko kama mawili kwa mwezi hubaki katika mlolongo wa maambukizi. Dereva wa lori na mama lishe wa Temeke wakikutwa na virusi vyenye mabadiliko yaleyale adimu, tunajua maambukizi yao yana asili moja ya karibuni. Hatujui bado nani kamwambukiza nani, au kama wote wawili waliambukizwa na mtu wa tatu. Mhakiki wa tenzi angesema hivyohivyo: nakala mbili zenye kosa moja huenda ni mama na mtoto, huenda ni ndugu. Ndiyo maana vinasaba peke yake havitoshi. Vinahitaji tarehe, mahali na safari za watu, yaani sanadi.

Elimu hizi zinaachana mahali pawili, na kuachana huko kuna funzo. Muhadithi na mhakiki wa tenzi hurudi nyuma, kutafuta neno lilivyotamkwa na utenzi ulivyotoka kwa mtunzi. Kila badiliko kwao ni hasara. Mtaalamu wa virusi hutazama nyuma ili aone mbele: badiliko linaweza kukifanya kirusi kisambae upesi au kikwepe kinga. La pili ni jina. Sanadi haikamiliki bila kumtaja mtu kwa jina na nasaba yake. Vinasaba vinataka kinyume chake: mtaa na tarehe vijulikane, jina la mgonjwa lisitirike. Mtaani, ambako mwenye korona aliweza kukimbiwa na wapangaji wenzake, sitara hiyo ndiyo inayomfanya mtu akubali kupimwa.

Majirani zetu walionyesha faida ya kazi hii. Maabara ya KEMRI-Wellcome huko Kilifi ilisoma vinasaba vya korona vya pwani ya Kenya tangu siku za mwanzo za janga. Uganda, wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe walikiona kizazi kilichoitwa A.23 katika mlipuko wa magerezani Amuru na Kitgum, katikati ya 2020, kisha wakaufuata uzao wake, A.23.1, uliposambaa nchini.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli, akiwa Chato, alisema sampuli zisizo za binadamu, zikiwamo za papai na mbuzi, zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu na baadhi zikarudi na majibu chanya. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Hesabu ya taifa ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na dunia ikaisoma hivyo hadi mwaka uliofuata.

Shaka juu ya mpokezi ni haki, na elimu ya hadithi imesimama juu ya shaka. Lakini shaka ina adabu yake. Mpokezi akitiliwa shaka, hupimwa kwa wapokezi wengine: sampuli zingerudiwa, zingepelekwa maabara nyingine bila majina, na majibu yangewekwa hadharani, yawe ya aibu au ya fahari. Hakuna mwanachuoni aliyemshuku mpokezi mmoja akaamuru hadithi zote zisisimuliwe tena. Sisi tulifunga mlango wa mapokezi yote, ya kweli na ya kosa.

Kirusi hakikungoja. Katikati ya Mei 2020, baada ya madereva wa malori kutoka Tanzania kukutwa na maambukizi mpakani, Kenya iliwawekea masharti mazito. Februari 2021 wasafiri waliotoka Tanzania walipimwa Angola. Vinasaba vya virusi vyao vikasomwa Afrika Kusini na kikundi cha Profesa Tulio de Oliveira, na kikapatikana kizazi chenye mabadiliko mengi, kilichokuja kuitwa A.30. Habari zetu zilisimuliwa na wengine, kutokana na wasafiri wachache tu. Wakati huohuo, familia za Mbagala na Manzese zilizika wapendwa wao bila kujua nini hasa kimewaondoa. Hilo linaniuma hadi leo.

Na tumeonyesha kwamba tunaweza. Machi 2023 homa ya Marburg ilipozuka Kagera, sampuli zilithibitishwa katika maabara yetu ya taifa, serikali ikatangaza, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa. Waliougua walikuwa 9, waliofariki 6, na tarehe 2 Juni mlipuko ulitangazwa kuisha.

Lipo jambo moja ambalo maabara bado haijajifunza kwa wazee wetu. Mwanafunzi anapohitimu kitabu kwa shehe, hupewa ijaza, na ndani yake husomewa wapokezi wote hadi kwake. Mlolongo unakabidhiwa kwa anayeupokea. Mkazi wa Tandika aliyetoa sampuli hakabidhiwi kitu zaidi ya jibu lake. Kilichojulikana kuhusu mtaa wake huishia kwenye majarida ya Kiingereza. Majibu ya vinasaba yasomwe pia kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, kwa Kiswahili: aina gani imeingia, imetokea upande gani, nani ajihadhari zaidi. Mtu aliyeonyeshwa mlolongo anajua kwa nini anyooshe pua yake tena kesho, na janga lijalo litahitaji watu wa namna hiyo kabla ya kuhitaji mashine mpya.