Hazina ya Hoxne

Hazina ya Hoxne ni mkusanyiko wa sarafu, mapambo na vyombo vya mezani vya Dola la Roma uliofukiwa ardhini mwanzoni mwa karne ya 5 BK. Iligunduliwa tarehe 16 Novemba 1992 karibu na kijiji cha Hoxne, katika kaunti ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Mgunduzi wake alikuwa mstaafu aliyekuwa akitafuta nyundo iliyopotea shambani kwa kutumia kigunduzi cha metali.

Hazina hiyo ina sarafu 14,865 pamoja na vitu vingine takriban 200 vya dhahabu na fedha. Ni hazina kubwa kuliko zote za dhahabu na fedha za mwisho wa enzi ya Waroma zilizopatikana Uingereza. Leo inatunzwa katika British Museum jijini London.

Sifa yake haitokani na thamani ya metali peke yake. Aliyeigundua aliacha kuchimba mapema na kutoa taarifa, hivyo wanaakiolojia waliikuta sehemu kubwa ikiwa bado imepangwa jinsi wenyewe walivyoiacha yapata miaka 1,600 iliyopita. Tukio hilo lilichangia pia mabadiliko ya sheria ya hazina nchini humo.

Kigunduzi cha metali

Kigunduzi cha metali ni kifaa chenye koili ya waya inayopitishwa juu ya ardhi. Umeme unaobadilikabadilika ndani ya koili hutengeneza uga wa sumaku. Uga huo ukikutana na kipande cha metali, mikondo midogo ya umeme huanza kuzunguka ndani ya metali yenyewe, nayo hutengeneza uga wake. Kifaa hupokea badiliko hilo na kuligeuza kuwa mlio. Kwa kawaida sarafu moja haisikiki ikiwa imelala chini sana, lakini rundo la metali huweza kutambuliwa katika kina kikubwa zaidi.

Jaribio la mapema linalojulikana sana ni la Alexander Graham Bell. Mwaka 1881 alitumia kifaa cha aina hiyo kutafuta risasi mwilini mwa rais wa Marekani James Garfield, lakini hakufanikiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia vigunduzi vilitumiwa na majeshi kutafuta mabomu ya ardhini. Kuanzia miaka ya 1970 vilipatikana madukani vikiwa vyepesi na vya bei nafuu, na watu wengi Uingereza wakaanza kuvitumia kama burudani ya siku za mapumziko, wakipita mashambani wakitafuta sarafu, vifungo na pete za kale.

Burudani hiyo ilizusha ugomvi na wanaakiolojia. Kwao, kitu cha kale kilichong'olewa ardhini bila kumbukumbu ni sawa na ukurasa uliochanwa kitabuni: maneno yake yanasomeka, lakini haijulikani yalitanguliwa na nini wala yalifuatwa na nini. Mwaka 1980 wanaakiolojia walianzisha kampeni ya kupinga utafutaji huo. Watumiaji wa vigunduzi walijibu kwamba wengi wao ni waaminifu na wanatukanwa kwa makosa ya wachache. Hali ilikuwa hivyo hazina ya Hoxne ilipoonekana.

Ugunduzi

Mkulima Peter Whatling alikuwa amekodi shamba lililomilikiwa na Halmashauri ya Kaunti ya Suffolk. Alipopoteza nyundo yake shambani, alimwomba rafiki yake Eric Lawes amsaidie kuitafuta. Lawes alikuwa mtunza bustani aliyestaafu, na kigunduzi chake kilikuwa zawadi aliyopewa wakati wa kustaafu.

Badala ya nyundo, Lawes alianza kupata vijiko vya fedha, mapambo ya dhahabu na sarafu nyingi. Alitoa sehemu ndogo tu. Alipoona kwamba ardhini bado kuna vitu vingi, alisimamisha kazi, na halmashauri yenye shamba pamoja na polisi wakaarifiwa.

Kesho yake wanaakiolojia wa kaunti walifika na kuchimba hazina yote kwa siku moja. Haraka hiyo ilikuwa na sababu: habari ingesambaa kabla hawajamaliza, wezi wangeweza kuja usiku. Sehemu zilizokuwa zimeshikamana hazikutenganishwa shambani. Zilikatwa pamoja na udongo wake na kupelekwa maabara, ambako zilifumuliwa polepole. Eneo la jirani nalo lilipitiwa kwa vigunduzi ili kuokota sarafu zilizotawanyika.

Nyundo ya Whatling ilipatikana pia. Baadaye ilitolewa kwa British Museum, ikahifadhiwa pamoja na hazina.

Sanduku na mpangilio wake

Mbao zilikuwa zimeoza karibu zote, lakini mabaki yake, bawaba na makufuli vilitosha kuonyesha kwamba hazina ilikuwa ndani ya sanduku la mwaloni lenye urefu wa sentimita 60 hivi, upana wa 45 na kimo cha 30. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na visanduku vidogo, baadhi vikiwa na makufuli madogo ya fedha. Vitu vilipangwa kwa aina, na vingine vilifungwa kwa kitambaa cha sufu.

Habari hizi zinaonyesha kwamba aliyefukia hakuwa mtu anayekimbia huku akitupa mali shimoni. Alikuwa na muda wa kuchagua, kufunga na kupanga. Jambo hilo halionekani kwenye kijiko wala kwenye sarafu yoyote ikitazamwa peke yake. Lilijulikana kwa sababu tu vitu vilikutwa mahali pake.

Yaliyomo

Sarafu

Kati ya sarafu zote, 569 ni za dhahabu, zaidi ya 14,000 ni za fedha na 24 ni za bronzi. Zilitengenezwa katika miji mbalimbali ya dola, ikiwemo Trier, Milano, Konstantinopoli na Antiokia. Sarafu za mwisho kabisa ni za Konstantino III, aliyejitangaza Kaisari akiwa Britania mwaka 407. Kwa hiyo hazina haikuweza kufukiwa kabla ya mwaka huo.

Karibu sarafu zote ndogo za fedha zimekatwa kingo. Waliozikata walichukua fedha ya pembeni lakini waliacha uso wa Kaisari ukiwa mzima, ili sarafu iendelee kukubalika. Desturi hiyo inahusishwa na wakati ambapo sarafu mpya kutoka bara la Ulaya zilikuwa zimekoma kufika Britania na watu walilazimika kutumia zilizokuwepo. Mtaalamu Peter Guest alichapisha uchunguzi wa sarafu hizo mwaka 2005.

Mapambo

Mapambo ya dhahabu ni 29: mkufu mmoja wa mwili, mikufu sita ya shingoni, pete tatu na bangili 19. Mkufu wa mwili ulivaliwa kwa kupita mabegani na chini ya makwapa, ukakutana kifuani na mgongoni. Kifuani una amethisto iliyozungukwa na vito vingine, na penye nafasi tupu huenda palikuwa na lulu zilizooza. Mgongoni una sarafu ya dhahabu ya Kaisari Gratian. Udogo wake unaonyesha kwamba ulimfaa mwanamke mwembamba au msichana.

Bangili moja ina maandishi ya Kilatini yanayomtakia heri bibi aitwaye Juliane katika kuivaa. Mwanamke huyo hatajwi popote pengine panapojulikana. Bangili ndiyo iliyohifadhi jina lake.

Vyombo vya mezani

Kuna vijiko 78 na pawa 20 za fedha, mabakuli, na umbo la chui milia jike lililokuwa mkono wa chombo kikubwa zaidi. Chombo chenyewe hakikuwemo sandukuni. Vijiko kumi vina jina la Aurelius Ursicinus. Baadhi ya vitu vina msalaba au alama ya herufi za kwanza za jina la Kristo kwa Kigiriki, ishara kwamba Ukristo ulikuwa umeingia katika nyumba hiyo.

Vyombo vinavyojulikana zaidi ni vinne vya kunyunyizia pilipili manga. Kimoja kina umbo la mwanamke wa heshima kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini yake kuna kisahani kinachozungushwa katika hali tatu: kufunga, kujaza na kunyunyizia. Vingine vina maumbo ya Herkules akipigana na Antaeus, mbuzi wa mlimani, na mbwa na sungura.

Pilipili manga haikuota Ulaya. Ilitoka kusini-magharibi mwa Bara Hindi, ikavuka Bahari ya Hindi kwa merikebu zilizofuata pepo za msimu, ikapita Bahari ya Shamu hadi Misri na kuingia Mediteranea. Pepo hizo ndizo kaskazi na kusi za pwani ya Afrika Mashariki. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea kinaeleza biashara ya pilipili ya India na pia bandari ya Rhapta iliyokuwa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa njia hiyo meza ya tajiri wa Suffolk iliunganishwa na biashara ya bahari ambayo pwani ya Afrika ilishiriki.

Wenye mali

Haijathibitishwa mwenye hazina alikuwa nani. Aurelius Ursicinus anaweza kuwa mmiliki, lakini vijiko vyenye jina lake vinaweza pia kuwa vilirithiwa, vilitolewa zawadi au vilinunuliwa. Hakuna sahani kubwa za fedha, ambazo familia yenye mapambo kama hayo ingetarajiwa kuwa nazo. Kwa hiyo inaelekea kwamba sanduku lilibeba sehemu tu ya mali yao.

Utawala wa Roma katika Britania ulikwisha yapata mwaka 410. Wanahistoria wengi huona kwamba hazina ilifichwa kwa sababu ya machafuko ya wakati huo, kwa nia ya kuirudia. Kwa sababu yoyote ile, aliyeifukia hakurudi kuichukua.

Tuzo na mabadiliko ya sheria

Kwa sheria ya zamani ya Uingereza, dhahabu na fedha iliyofichwa kwa nia ya kuirudia, na ambayo mwenyewe hajulikani, ilikuwa mali ya Taji, yaani ya dola. Mwezi Septemba 1993 mahakama ya uchunguzi iliamua kwamba vitu vya Hoxne ni hazina ya aina hiyo. Vilithaminiwa kuwa pauni 1,750,000, na British Museum ilivipata mwaka 1994.

Tuzo ilikuwa haki ya mgunduzi peke yake. Hata hivyo Lawes aligawana na Whatling, ingawa sheria haikumlazimisha.

Sheria ya zamani ilikuwa na mapengo. Haikulinda sanduku la mbao wala kitambaa, na ilitaka mahakama ikisie nia ya mtu aliyekufa karne nyingi zilizopita. Mwaka 1996 bunge lilipitisha Sheria ya Hazina kwa ajili ya Uingereza, Welisi na Eire Kaskazini, nayo ilianza kutumika mwaka 1997. Mgunduzi anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 14, na vitu vilivyokutwa pamoja na hazina navyo vinalindwa. Tuzo inaweza kugawanywa kati ya mgunduzi na wenye haki katika ardhi.

Mwaka 1997 ulianza pia mpango wa kuandikisha kwa hiari vitu vya kale ambavyo kisheria si hazina. Vitu zaidi ya milioni moja vimekwisha kuandikishwa, vingi vikiwa vimeletwa na watumiaji wa vigunduzi. Mwaka 2023 maana ya hazina ilipanuliwa ili kuhusisha vitu vya metali vyenye umri wa zaidi ya miaka 200 na umuhimu wa pekee, hata kama si vya dhahabu wala fedha.

Mfano wa kinyume

Mwaka 2015 watu wawili wenye vigunduzi walipata hazina ya karne ya 9 karibu na mji wa Leominster, katika kaunti ya Herefordshire. Hawakutoa taarifa, bali waliitawanya ili iuzwe. Inakadiriwa kwamba ilikuwa na sarafu 300 hivi, lakini zilizopatikana tena baada ya upelelezi ni 30 hivi tu. Mwaka 2019 walihukumiwa vifungo vya gerezani.

Baadhi ya sarafu zilizookolewa zina majina ya wafalme wawili waliotawala wakati mmoja, Alfredi wa Wessex na Ceolwulf II wa Mercia, na zimechorwa kwa mtindo uleule. Zinaonyesha kwamba wawili hao walishirikiana, ilhali maandishi ya zamani yanamdharau Ceolwulf kama kibaraka wa Waviking. Sarafu zisizopatikana zingeweza kueleza zaidi. Hata zikionekana siku moja, mpangilio wake ardhini umekwisha kupotea.

Umuhimu

Hazina ya Hoxne hutumiwa kama kipimo cha kulinganishia hazina nyingine za Kiroma. Katika kaunti hiyohiyo ya Suffolk, vyombo vya fedha vya Mildenhall vililimuliwa na plau mwaka 1942, lakini wenye mamlaka waliarifiwa mwaka 1946 tu. Ni kazi bora za sanaa, ila mazingira ya kupatikana kwake yalizua mabishano kwa miaka mingi. Kuhusu Hoxne hakuna mabishano ya namna hiyo, kwa kuwa mahali, kina na mpangilio viliandikwa siku iliyofuata ugunduzi.

Mwaka 2010 Catherine Johns wa British Museum alichapisha uchunguzi kamili wa mapambo na vyombo. Maelezo kuhusu visanduku, vitambaa na namna ya kufunga yaliwezekana kwa sababu vitu vingi havikuwa vimeguswa kabla ya wanaakiolojia kufika.