Kuku mwenye shida ya kutaga (Nyeri na miji ya Mlima Kenya)

Kuku mwenye shida ya kutaga ni yule aliyefikia umri wa kutaga lakini amesita, anatoa mayai yenye ganda laini, au yai limemkwama. Makala haya yanamhusu kuku wa kupendwa nyumbani, mara nyingi kuku wa mtoto, mwenye jina lake, ambaye hakuna anayethubutu kumtazama vibaya Krismasi ikikaribia. Yanahusu Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki na miji jirani, kwa sababu hali ya hewa ya huko hubadilisha sehemu kubwa ya ushauri unaopatikana vitabuni.

Si kila kusita ni ugonjwa. Mtetea wa kienyeji anaweza kufikisha miezi sita kabla ya yai la kwanza. Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, hivyo kuku mzima kabisa huruka siku mara kwa mara. Anayenyonyoka manyoya hupumzika kwa wiki kadhaa, kwani protini nyingi inakwenda kwenye manyoya mapya. Anayeatamia naye hatagi: ama apewe mayai yenye mbegu na aachwe siku 21, ama atengwe siku tatu au nne kwenye tundu lenye sakafu ya fito, lisilo na kiota. Kumchovya kwenye maji baridi, kama wazee wengi walivyozoea, ni kumtafutia homa ya mapafu katika baridi ya Nyeri.

Mwanga, baridi na chokaa

Vitabu vya Ulaya husema kuku huacha kutaga majira ya baridi kwa sababu mchana umepungua, na tiba yake ni taa. Nyeri iko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta, na mstari wenyewe unapita Nanyuki. Mchana ni saa 12 na dakika chache, iwe Januari au Julai. Wafugaji wa biashara huwasha taa kufikisha saa 14 hadi 16 ili wapate mayai mengi. Kwa kuku wa nyumbani mwenye shida, taa humwongezea mzigo tu.

Tatizo la Julai ni jingine. Katika majira ambayo Wakikuyu huyaita gathano, wingu na manyunyu hufunika Nyeri, mji ulio takriban mita 1,800 juu ya bahari. Kuku hutumia chakula kupasha mwili joto. Zaidi ya hayo, hufungiwa ndani, na bila jua hapati vitamini D ya kutosha, ambayo ndiyo humwezesha kufyonza kalsiamu. Ndiyo maana mayai laini huweza kuonekana hata kwa kuku anayepewa chokaa. Banda lizibwe kwa turubai upande wa upepo, sakafu iwe na maranda makavu, na jua likichomoza, hata kwa saa moja, kuku atolewe nje. Jiko la makaa lisiingizwe bandani. Hewa yake huua bila kelele.

Ganda la yai hubeba takriban gramu mbili za kalsiamu. Chakula cha kuku wa mayai kinachouzwa kwenye agroveti huwa na asilimia 3.5 hadi 4 ya kalsiamu, ilhali mahindi hayana karibu chochote. Kuku anayelishwa mabaki ya ugali na sukuma wiki anashiba huku mifupa yake ikikopwa. Chokaa ya mifugo, au maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni na kupondwa, iwekwe kwenye chombo cha pembeni ale kwa kadiri anavyohitaji. Mahindi yenye kuvu, maharagwe mabichi, na maganda na kokwa za parachichi, ambazo ni tele eneo hili, asipewe.

Yai lililokwama

Hii ndiyo dharura ya kweli. Kuku husimama wima, mkia chini, akisukuma. Huingia na kutoka kiotani bila matokeo, hali, na huinamisha kichwa. Aketishwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 20 hivi, kisha akaushwe vizuri kabla usiku haujaingia, apakwe vaselini kwenye tundu la kutagia, na awekwe mahali penye joto, giza na utulivu. Chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa inatosha. Yai lisivunjwe ndani: vipande vya ganda huchana mrija wa mayai na kuleta maambukizi. Akianza kuhema, nyama nyekundu ikitokeza nje, au siku ikipita bila yai, aitwe daktari wa mifugo. Tumbo lililovimba na mwendo wa bata, hasa kwa kuku wa miaka miwili na zaidi, huweza kuonyesha kwamba viini vinamwagikia ndani ya tumbo. Hapo matumaini ya kupona ni madogo.

Magonjwa

Mayai yenye mikunjo na ute wa maji hufuata mara nyingi homa ya mkamba ya kuku. Kideri nacho hukatisha utagaji ghafla kabla ya kuua. Chanjo yake ipo kwenye agroveti, lakini kichupa hutosheleza kuku wengi na kikishachanganywa hakikai, kwa hiyo mwenye kuku mmoja hana budi kupatana na majirani wachanje siku moja. Utitiri unaojificha kwenye nyufa za mbao na kunyonya damu usiku husahaulika sana. Kuku anayekataa kulala bandani huenda anaukimbia.

Dawa za viuavijasumu hununuliwa kwa urahisi mno, na yai la mtoto huendelea kukaangwa asubuhi. Mayai ya kuku anayetibiwa hayaliwi hadi siku zilizoandikwa kwenye paketi ziishe. Kuku akifa ghafla, mzoga unaweza kupelekwa kwenye maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo iliyoko Karatina, ukiwa wa baridi na umefungwa vizuri, kabla haujaanza kuoza.