Mafunzo ya Wasaidizi wa Mifugo Tanzania

Msaidizi wa mifugo ni mtaalamu wa ngazi ya kati anayehudumia wanyama chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo. Tanzania, wengi husomea katika kampasi za Wakala ya Mafunzo ya Mifugo (LITA), zikiwamo Tengeru, Mpwapwa, Morogoro na Buhuri; vipo pia vyuo binafsi. Mwombaji huwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo ya sayansi, hasa biolojia. Kozi huanzia astashahada na kufikia stashahada.

Darasani hufundishwa anatomia, lishe, magonjwa na dawa. Uzito wenyewe uko zizini: kumdhibiti ng'ombe bila kumuumiza, kupima joto, kuchanja kuku dhidi ya kideri, kuhasi, kuogesha mifugo kwenye josho na kutambua mapema ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Anayekwepa sehemu hii hafai kazi, hata akifaulu mitihani.

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtaka mhitimu atambuliwe na Baraza la Veterinari kabla ya kutoa huduma. Udaktari wenyewe husomewa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa miaka 5.