Kutoka Stakabadhi ya Kichwa hadi Daftari la Mauzo: Historia Fupi ya Karatasi za Kodi kwa Waliojiajiri Tanzania, 1898–2019

Katika mijadala ya kodi nchini Tanzania, mfanyabiashara mdogo asiyetunza kumbukumbu za mauzo huelezwa mara nyingi kuwa hana elimu ya kodi au hana uzalendo. Makala hii inaitazama tabia hiyo kama zao la historia. Hoja yake kuu ni kwamba, kwa zaidi ya karne moja, karatasi ya kodi iliyomfikia mtu aliyejiajiri haikuwa hesabu ya kipato chake bali kibali cha kupita njiani bila kukamatwa.

Kodi ya kibanda iliyoamriwa na Wajerumani mwaka 1897 ilianza kutozwa mwaka 1898. Mlipaji aliweza kutoa fedha, mazao au nguvu zake mwenyewe. Mwaka 1905 kodi hiyo ilielekezwa kwa kila mwanamume mtu mzima, kwa kiwango cha rupia 3. Kilichohesabiwa kilikuwa nyumba, kisha kichwa. Faida ya mvuvi, fundi au mchuuzi haikuulizwa. Waingereza waliendeleza msingi huohuo kwa sheria ya kodi ya kibanda na kichwa ya mwaka 1922. Katika mji wa Dar es Salaam, misako ya wasiolipa kodi iliifanya stakabadhi kuwa kitu cha kutembea nacho. Aliyekuwa nayo aliachwa aende zake. Aliyeisahau nyumbani alijikuta katika hali ileile ya asiyelipa kabisa.

Kodi ya mapato iliyoanzishwa Tanganyika mwaka 1940 ilikuwa na mantiki nyingine. Ilimtaka mlipakodi ajaze fomu, atamke kipato chake, na aweze kupinga makadirio asiyoridhika nayo. Hata hivyo, katika utekelezaji iliwagusa zaidi Wazungu na Waasia. Hivyo palijengeka tamaduni mbili za karatasi katika nchi moja: kwa kundi dogo, karatasi ilikuwa chombo cha kujieleza mbele ya dola, kwa walio wengi, ilikuwa alama ya kwamba dola imekwisha kuchukua chake.

Uhuru haukuufuta mgawanyiko huo. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi athibitishe kwamba anafanya kazi, na leseni za wachuuzi zilizofuata zikaitwa kwa jina hilohilo. Leseni hiyo ilithibitisha kwamba mwenye nayo si mzururaji. Haikueleza kama biashara yake ilipata au ilipoteza. Kodi ya maendeleo, iliyotozwa na halmashauri hadi ilipofutwa mwaka 2003, nayo ilidaiwa kwa kuonyesha risiti, mara nyingine kwenye vizuizi vya barabarani.

Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa na Rais John Magufuli Desemba 2018 vinapaswa kusomwa ndani ya mkondo huu. Vililipiwa shilingi 20,000 na kuwalenga wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Ni kweli kwamba viliwapa wamachinga wengi kinga dhidi ya kufukuzwa na mgambo, na kinga hiyo si jambo dogo. Lakini ada ilikuwa moja kwa wote: kwa mwenye mauzo ya shilingi 500,000 ilikuwa sawa na asilimia 4 ya mauzo, na kwa mwenye mauzo ya shilingi milioni 4, asilimia 0.5 tu. Kichwa kilikuwa kimehesabiwa tena.

Athari ya urithi huu huonekana vizuri zaidi pale sheria inapotoa thamani kwa kumbukumbu. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vya mwaka 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 4 hadi milioni 7 alilipa shilingi 100,000 ikiwa hakuwa na kumbukumbu. Aliyekuwa nazo alilipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4. Kwa mauzo ya shilingi milioni 5, tofauti ilikuwa kati ya shilingi 100,000 na shilingi 30,000. Daftari la mauzo, ambalo gharama yake ni ndogo mno kuliko tofauti hiyo, lilikuwa kinga ya mfukoni.

Hata hivyo, mtu ambaye yeye, baba yake na babu yake wamezoea karatasi inayotolewa na mkusanya kodi hana sababu ya kudhani kwamba karatasi anayoiandika mwenyewe inaweza kumtetea. Kwa hiyo, elimu ya kodi inayoishia katika kuhimiza wajibu wa kulipa huacha nusu ya suala bila kuguswa. Nusu iliyobaki ni haki ya mlipakodi kuwa na hesabu zake, kuziwasilisha, na kuona zikipokewa kama ushahidi.