Eginogi: Jina la Kinywaji na Keki Yake

Katika miji ya Marekani na Kanada, ufikapo mwezi wa Desemba, theluji ikiwa imetanda juu ya mapaa na jamaa wakikusanyana majumbani kwa Krismasi na mwaka mpya, huonekana madukani, ubavuni mwa maziwa, kinywaji kizito chenye rangi ya pembe ya ndovu, ambacho baada ya majuma machache hutoweka tena mpaka mwaka ujao. Nacho huitwa kwa Kiingereza eggnog. Waswahili waliohamia huko hukinywa, na zaidi ya hayo hukitia katika keki ya kuwakirimu wageni; lakini wanapotaka kumweleza mama au shangazi aliyeko Tanga au Mombasa namna ya kuioka keki hiyo, hukwama penye jina, kwa kuwa kamusi zetu za kawaida hazikulipa nafasi. Makala haya yamekusudia kulitafutia jina hilo makao katika Kiswahili, na jina nilipendekezalo ni eginogi.

Kinywaji chenyewe hufanywa kwa maziwa, malai, sukari na viini vya mayai vilivyopigwa mpaka rangi yake ikapauka, kisha ikakunwa kungumanga juu yake. Kanuni za serikali ya Marekani zimekiwekea mpaka dhahiri: kitu kiuzwacho kwa jina hilo sharti kiwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 6, na viini vya mayai, vikipimwa kwa uzito wake mkavu, visivyopungua asilimia 1. Kanuni hizo hazikudai kileo chochote, jambo ambalo nitalirejea, kwani watu wengi wameaminishwa kwamba eginogi na ulevi ni kitu kimoja.

Nasaba yake inarejea Uingereza ya zama za kati, ambako watu walichemsha maziwa, wakayamiminia mvinyo au pombe ya shayiri hata yakaganda, wakayatia viungo, na kuyanywa moto ili kujikinga na baridi na kutuliza mafua. Waingereza waliohamia ng'ambo ya Atlantiki walipopata mashamba yenye ng'ombe na kuku, na ramu ya visiwa vya Karibi, ambako watumwa waliotekwa Afrika walilimishwa miwa kwa mateso, kinywaji kile kikabadilika kikawa hiki, na katika karne ya 18 jina lake la sasa lilikuwa limekwisha kutumika. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni yai, wala haina shaka. Juu ya sehemu ya pili Waingereza wenyewe wamekhitilafiana, wengine wakisema kwamba nog ilikuwa pombe kali ya pande za Norfolk, mashariki mwa nchi yao, na wengine kwamba ni mkato wa noggin, kikombe kidogo cha mti. Kwamba kileo kilikuwa na nguvu katika desturi yake, hilo halikanushiki: usiku wa kuamkia Krismasi ya 1826, katika chuo cha kijeshi cha West Point, wanafunzi waliingiza wiski kwa siri ili waitie katika eginogi yao, ijapokuwa mkuu wa chuo, Sylvanus Thayer, alikuwa amepiga ulevi marufuku, wakafanya ghasia zilizovunja madirisha na samani, na baadhi yao wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Walakini kile kiujulishacho ulimi kwamba hii ni eginogi wala si kastadi, si yai, wala si wiski, bali ni kungumanga. Nayo, tofauti na kinywaji chenyewe, ina jina letu tangu zamani, na jina hilo lastahili kutazamwa kwa utulivu. Kungu ni tunda la mkungu, mti wa kivuli uliopandwa katika nyua na mabaraza ya mwambao wote. Na Manga ni Arabuni, kama tusemavyo pilipili manga. Basi wazee wetu walipoiona kokwa hii ngeni ikishushwa katika majahazi yaliyoletwa na kaskazi, upepo ambao huanza kushika nguvu mwezi huohuo wa Desemba, waliifananisha na tunda walilolijua, wakaongeza njia iliyoileta, na istilahi ikawa imetimia. Hakika asili yake haikuwa Arabuni. Mkungumanga ulikuwa mti wa visiwa vidogo vya Banda, katika Maluku, mashariki ya mbali, na kwa ajili yake watu wa visiwa hivyo waliangamizwa au kuhamishwa na Waholanzi chini ya Jan Pieterszoon Coen mwaka 1621. Na katika mkataba wa Breda wa 1667 Waingereza walikiacha Run, kimoja katika visiwa hivyo, mikononi mwa Waholanzi, na Waholanzi nao wakaacha madai yao juu ya nchi uliko mji wa New York. Mpishi wa New York akunaye kungumanga juu ya bakuli lake anashika kiungo ambacho mji wake uliwahi kuwekwa katika mizani moja nacho. Siku hizi mkungumanga huzaa Unguja, na anayezuru mashamba ya viungo huonyeshwa tunda lililopasuka, na ndani yake kokwa iliyovishwa wavu mwekundu wa basibasi. Jina la kungumanga, basi, halikuhifadhi asili ya mti bali limehifadhi safari ya kitu hadi kutufikia, na sioni kwamba limepungukiwa na lolote kwa hilo.

Tukirudi kwenye kinywaji, tafsiri ya kwanza imjiayo mtu ni maziwa ya mayai, na wako wanaoitumia. Mimi siikubali, kwa sababu Kiswahili, kiwekapo jina la kitu kingine baada ya maziwa, aghalabu huonyesha mahali maziwa yalikotoka: maziwa ya ng'ombe, maziwa ya mbuzi, maziwa ya ngamia. Mkate wa mayai ni mkate uliotiwa mayai, na chai ya tangawizi ni chai iliyotiwa tangawizi, lakini maziwa ya mayai yatafahamika kuwa maziwa yaliyokamuliwa katika mayai, na msikilizaji aliye mbali, asiyewahi kukiona kinywaji, atapotea. Kusema maziwa yenye mayai ni sahihi kwa nahau, ila hayo ni maelezo, si jina, na mtu hawezi kusema keki ya maziwa yenye mayai akatofautisha na keki nyingine, kwa kuwa keki nyingi zina vyote viwili. Wengine wangependa kutafsiri nusu na kuacha nusu, waseme nogi ya mayai. Lakini nusu iliyoachwa ndiyo ile ambayo maana yake imewashinda wenye lugha, na sioni faida ya kuirithi shida yao. Lililobaki ni kulichukua jina zima na kulipa umbo la kwetu, kama lilivyochukuliwa pikiniki kwa kuongezewa irabu ili herufi mbili zisigongane. Ndipo tukapata eginogi, ya ngeli ileile ya kahawa na chai: eginogi nzito, eginogi imepoa, eginogi za aina mbili.

Keki yake ni rahisi, na urahisi huo watokana na kwamba kinywaji kimekwisha kubeba sehemu kubwa ya kazi. Mwenye haraka huchukua pakiti moja ya unga wa keki ya manjano uliokwisha kuchanganywa, yapata gramu 430, na mahali pa maji akatia kikombe 1 cha eginogi, akaongeza mayai 3, siagi laini nusu kikombe, na kijiko cha chai cha kungumanga iliyokunwa saa ileile, kwa maana mafuta yake yenye harufu huruka upesi ikikaa imesagwa. Maji yangeulowesha unga na kuishia hapo. Eginogi huuletea mafuta yanayozivika chembe za unga, yakazuia gluteni isikaze, huleta viini vinavyopatanisha mafuta na maji, na huleta sukari izuiayo keki isikauke. Kwa sukari hiyohiyo keki hubadilika rangi mapema, na mwokaji aitazame kabla ya wakati. Huokwa kwa joto la nyuzi 175 za selsiasi, dakika 40 hadi 45, mpaka kijiti kilichochomwa ndani kitoke kikavu. Wamarekani hupenda kuioka katika chombo cha mviringo chenye mibonyeo ubavuni na tundu katikati, kilichobuniwa Minneapolis na H. David Dalquist mwaka 1950. Tundu hilo si pambo tu, kwani hupitisha moto hadi moyo wa keki, ambao katika chombo kipana hubaki mbichi ilhali kingo zimeungua. Ikitolewa iachwe dakika 10 kabla ya kupinduliwa, na ikiwa imepoa kabisa imwagiwe sukari laini ya unga iliyokorogwa na vijiko vichache vya eginogi, pamoja na kungumanga kidogo tena.

Aliyeko mahali ambapo eginogi haiuzwi na aifanye mwenyewe, akichanganya maziwa, malai, viini na sukari juu ya moto mdogo, asiache kukoroga, mpaka mchanganyiko ushike mgongo wa mwiko. Ninalisisitiza hili la moto, kwani desturi ya zamani ilikuwa kunywa mayai mabichi, na mayai mabichi huweza kuchukua vijidudu vya salmonela; mchanganyiko ukifikia nyuzi 71 khatari hiyo huondoka, na pasipo kipimajoto afadhali uzito wake uzidi kidogo kuliko kupungua.

Kuhusu kileo, naona istilahi yetu ina wajibu ambao jina la Kiingereza haliutimizi. Karamu za Desemba za Waswahili wa ughaibuni huwakutanisha Wakristo na Waislamu mezani pamoja, na mgeni anapoambiwa kwamba keki ni ya eginogi ana haki ya kujua anachopewa. Asisadiki kwamba ramu huyeyuka yote tanuruni, kwa kuwa sehemu yake husalia. Na arki ya ramu inayouzwa chupani nayo aghalabu imeyeyushwa katika kileo, kwa hiyo anayejihadhari atie lavani isiyo na kileo au iliki, na ladha haitaharibika. Basi jina eginogi likitajwa peke yake liwe na maana ya kinywaji kizito cha maziwa, malai, viini vya mayai, sukari na kungumanga, kisicho na kileo, kama kanuni za nchi kiuzwako zinavyokiruhusu kuwa. Na kile kilichotiwa ramu, brandi au wiski kiitwe eginogi ya kileo, na keki yake ipewe jina hilohilo, liandikwe juu ya kikaratasi na kuwekwa mbele ya sahani kabla mgeni wa kwanza hajaketi.